Sharti lipi likutoe kwenye mkataba? Umiliki, ukaguzi, mkopo au mauzo ya mali yako: ulinganisho kwa mnunuzi wa Dodoma

Bei imeshakubaliwa. Kiwanja kipo Nzuguni, au nyumba ipo Kisasa, na dalali anasisitiza kuwa kuna mteja mwingine anaingia kesho asubuhi kutoka Morogoro na hela taslimu. Hapo ndipo wengi husaini karatasi ya ukurasa mmoja, hutoa arbuni (malipo ya awali ya kushikia mali), halafu ndiyo huanza kuuliza maswali. Sharti la kujitoa ni kifungu cha mkataba kinachoukubali mpangilio huo wa kinyumenyume lakini kinauwekea kinga: unasaini leo, unauliza maswali kwa siku zilizotajwa, na majibu yakija mabaya kwa namna iliyoandikwa unaondoka na arbuni yako bila kuitwa mvunja mkataba.

Ukimpelekea muuzaji mkataba wenye masharti manne atakurudishia kalamu yako. Mara nyingi atakubali moja, na la pili kwa kubembelezwa. Kazi yako ni kujua lipi ulipiganie na lipi uliache. Yanayobishaniwa zaidi ni haya: la umiliki, la ukaguzi, la mkopo, na la kuuza kwanza mali yako. Lipo na la tano ambalo si sharti hasa, tutaligusa kwa kifupi.

## Vigezo vya kupimia

Sheria mbili ziko nyuma ya kila kifungu hapa. Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inataka mkataba wa kuhamisha haki ya kumiliki ardhi uwe wa maandishi, kwa hiyo ahadi ya mdomo ya "tusipoelewana tutarudishiana" haikufikishi mbali. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inautambua mkataba unaosubiri tukio lisilo na uhakika: tukio likiwekewa muda, na muda ukapita bila kutokea, mkataba unapoteza nguvu. Sheria hiyo hiyo, pale mtu anapovunja mkataba, inatoa fidia ya kiasi kinachofaa, isiyozidi kiasi kilichotajwa mkatabani. Muuzaji anayesema "arbuni hairudi, basi" hajasema neno la mwisho la kisheria. Ila kumthibitishia hilo mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba kutakula miezi na nauli, na sharti lililoandikwa vizuri linakuepusha na safari hiyo.

Kila sharti tulipime kwa mambo yale yale. Kwanza, nini hasa kinafungua mlango wa kutoka. Pili, karatasi gani inathibitisha kuwa mlango umefunguka, na nani anaitoa. Tatu, muda, na ndani ya muda kuna swali ambalo mikataba mingi hulisahau: ofisi au benki ikikaa kimya hadi tarehe ipite, kimya hicho kinahesabiwa upande wa nani? Nne, sharti linakugharimu nini mezani, kwa maana ya bei, uvumilivu wa muuzaji na ada za wataalamu. Tano, linavujia wapi.

Na kabla ya yote, tazama hela imekaa wapi. Arbuni ikiwa mfukoni mwa muuzaji, sharti lako zuri kuliko yote ni haki ya kumdai mtu ambaye pengine ameshanunua mabati. Arbuni ikiwa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, kwa maelekezo ya maandishi kwamba itatoka kwa saini za pande zote mbili au kwa kutimia kwa sharti, kutoka ni barua moja. Ukilazimishwa kuchagua kati ya sharti la pili na hela kukaa kwa wakili, chagua hela kukaa kwa wakili.

## Sharti la umiliki

Kinachofungua mlango. Upekuzi rasmi kuonyesha kwamba anayeuza siye mwenye haki, au ni mwenye haki lakini imefungwa na rehani, zuio au shauri. Dodoma sharti hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya aina za karatasi zinazopita mkono kwa mkono. Ipo hati iliyosajiliwa. Ipo barua ya toleo, yaani ile ya serikali ya kumgawia mtu kiwanja, ambayo mwenyewe hakuwahi kuikamilisha kuwa hati. Zipo nyaraka za CDA (Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu), iliyovunjwa Mei 2017 na majukumu yake kuhamia Manispaa, ambayo tangu 2018 ni Jiji. Ukitoka nje ya mji kuelekea vijiji vya Chamwino au Bahi, ipo hati ya hakimiliki ya kimila. Na ipo karatasi ya mauziano yenye mhuri wa mtaa. Hiyo inathibitisha kuwa watu wawili waliuziana; haithibitishi kuwa wa kwanza alikuwa na cha kuuza.

Mlango huu ufunguke pia kwa kukosekana kwa karatasi mbili zinazosahaulika. Nyumba ya familia haiuzwi na mmoja wa wanandoa peke yake, kwa hiyo ridhaa ya mwenza iwe ya maandishi na yenye saini mbele ya wakili. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa anayeshika funguo bila uteuzi huo hana mamlaka ya kuuza.

Ushahidi. Kila karatasi ina dirisha lake. Hati iliyosajiliwa hupekuliwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, na majibu yatakuonyesha jina, namba ya kiwanja na kitalu, muda wa miliki, rehani na mazuio. Barua ya toleo haiko kwenye daftari hilo. Ukiipekua huko utaambiwa hakuna kitu, na wapo wanaoondoka wakishangilia kwamba kiwanja ni kisafi. Hakuna kitu maana yake hakijasajiliwa. Majibu yako yamo kwenye jalada la kiwanja, ofisi ya ardhi ya Jiji, na ndimo inamojulikana kama kiwanja kimoja kilitolewa kwa watu wawili. Nyaraka za CDA nazo zihakikiwe Jiji kwa maandishi: je, kiwanja kinatambulika kwa namba hiyo na jina hilo, na kodi ya pango la ardhi inadaiwa kiasi gani? Kwa ardhi ya kijiji, dai muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji ulioridhia uhamisho.

Majirani wa pande nne na mwenyekiti wa mtaa hawatoi ushahidi wa kukutoa mkatabani, lakini waulize mapema. Mgogoro uliopo Barazani unaweza usionekane kwenye daftari la Msajili, ila mama wa nyumba ya jirani anaujua na jina la wakili.

Muda na kimya. Kwa hati, omba siku 14 za kazi. Kwa barua ya toleo na nyaraka za CDA, siku 30, maana jalada hutafutwa kwa mikono ya watu na watu huenda semina. Kimya kihesabiwe kuwa majibu mabaya. Tazama kifungu hiki kinavyofanya hivyo:

"Mnunuzi anaweza kusitisha mkataba huu kwa taarifa ya maandishi kabla ya saa 9:30 alasiri ya tarehe ......, iwapo upekuzi rasmi wa Kiwanja Na. ......, Kitalu ......, utaonyesha mmiliki asiye Muuzaji, rehani, zuio, deni la kodi ya pango la ardhi, au umilikishaji kwa mtu mwingine. Au iwapo kufikia muda huo ofisi husika itakuwa haijatoa majibu ya maandishi. Muuzaji atakuwa na siku 10 tangu kupokea taarifa kuondoa kasoro hiyo. Asipoiondoa, arbuni yote ya shilingi ...... itarudishwa kwa Mnunuzi ndani ya siku 7, bila makato."

Maneno "haijatoa majibu" na "bila makato" ndiyo yanayobeba mzigo. Bila la kwanza, uzembe wa ofisi unakuwa mzigo wako. Bila la pili, utarudishiwa arbuni iliyokatwa "usumbufu".

Bei yake mezani. Ndogo kuliko zote. Ada ya upekuzi ni kidogo ukilinganisha na arbuni, na muuzaji mwenye haki yake hapotezi chochote. Anayekasirikia sharti hili ameshakujibu swali ambalo hujamuuliza.

Panapovuja. Neno "hati safi" bila maelezo. Rehani, kwa mfano, si lazima iue biashara: muuzaji anaweza kulipa benki kwa sehemu ya bei na benki ikatoa barua ya kuachia. Ndiyo maana ya zile siku 10. Uvujaji mwingine ni kuuchukulia upekuzi kama kinga ya kudumu, wakati ni picha ya siku ile tu. Rudia siku ya kulipa salio.

Anayefaa. Karibu kila anayenunua kwa mtu binafsi, na zaidi anayenunua kwa barua ya toleo au kwa warithi. Linamfaa kidogo anayenunua nyumba mpya moja kwa moja kutoka taasisi ya umma inayomiliki hati mama, yaani hati ya eneo zima. Huyo swali lake ni lini atapata hati yake mwenyewe.

## Sharti la ukaguzi

Kinachofungua mlango. Ardhi au jengo kuwa tofauti na ulivyoambiwa. Tenganisha vitu viwili, maana wakaguzi wake ni tofauti: mipaka na mahali, kisha udongo na jengo.

Mipaka kwanza. Mpima ardhi mwenye leseni huchukua viwianishi kwenye ramani ya upimaji, huenda navyo uwanjani na kifaa chake, hutafuta bikoni (alama za mipaka zilizosimikwa ardhini). Anachokutana nacho mara kwa mara: bikoni moja imeng'olewa, au ipo lakini ukuta wa jirani umeingia mita mbili, au, balaa kabisa, kiwanja ulichoonyeshwa na dalali siyo namba iliyo kwenye karatasi bali cha mtaa wa pili. Mahali nako kuna mitego. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma imefanya maeneo kama Nala, Veyula na Ihumwa yahitaji macho ya ziada. Karibu na mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka mita 60 kutoka ukingoni.

Udongo ndio sura nyingine ya Dodoma. Sehemu za bondeni zina udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, unaovimba ukinyeshewa na kujikunja ukikauka. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza kiganja; masika unashika kiatu hakitoki. Nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka kwa mshazari kutoka kona za madirisha, na rangi mpya ni dawa ya wiki tatu. Chimba mashimo mawili, kona kwa kona, kina cha mita 1.5. Ukikuta mweusi mpaka chini, gharama ya msingi imebadilika na bei uliyokubali haipo tena.

Halafu maji ya mvua. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Kiwanja kilichokaguliwa Agosti kinaonekana kikavu kama ngozi ya ngoma, hata kama kimekaa kwenye njia ya korongo. Tafuta dalili ambazo kiangazi hakifuti: mchanga mweupe uliojipanga mistari, takataka zilizonasa kwenye michongoma kwa urefu wa goti, mstari wa tope kwenye ukuta wa jirani, tuta la mawe ambalo mtu amejenga kujikinga.

Ushahidi. Ripoti yenye saini ya mpima ardhi mwenye leseni au mhandisi aliyesajiliwa. Picha za simu na maneno ya fundi uashi havitoshi, hata kama fundi yuko sahihi, na mara nyingi yuko sahihi.

Muda na kimya. Siku 10 hadi 14 zinatosha, kwa sababu mkaguzi ni wako na unamlipa wewe. Hapa kimya ni chako mwenyewe: usipotoa taarifa, muuzaji atataka uhesabiwe umeridhika, na hilo ni haki yake. Sharti kuu ni kuruhusiwa kuingia. Mpangaji akikataa kufungua mlango siku nane, muda uongezeke kwa siku hizo nane, liandikwe.

Bei yake mezani. Ada za mpima na mhandisi ni zako na hazirudi, iwe unanunua au unaondoka. Muuzaji naye analiogopa sharti hili kuliko la umiliki, kwa kuwa analiona kama mlango wa kurudi kupunguza bei. Hajakosea, wanunuzi wengi hulitumia hivyo. Njia ya kumtuliza ni kuweka kipimo.

Panapovuja. "Kasoro kubwa." Kubwa kwa nani? Weka namba: eneo likipungua zaidi ya asilimia 2 ya lililo kwenye karatasi, bikoni yoyote kutofautiana na ramani kwa zaidi ya nusu mita, nyufa za ukuta unaobeba mzigo zenye upana unaozidi milimita 5, gharama ya marekebisho, kwa makadirio ya mhandisi, kuzidi shilingi milioni fulani, mhandisi kuandika kuwa msingi wa kawaida hautoshi. Kwa nyumba, ongeza kutokuwepo kwa kibali cha ujenzi. Kwa kiwanja cha mbali kama Mtumba ya ndani au Mbabala, ongeza umbali wa bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, na nguzo ya TANESCO iliyo karibu. "Huduma zote zipo" kwa lugha ya udalali ni kwamba zinaonekana kwa macho.

Anayefaa. Anayenunua jengo lililokwisha kujengwa, anayenunua kiwanja asichokifahamu masika na kiangazi, na aliye mbali anayetuma ndugu kwenda kuangalia. Aliyezaliwa mtaa huo huo na kucheza mpira kwenye kiwanja hicho anaweza kuliacha, akabaki na mpima tu.

## Sharti la mkopo

Kinachofungua mlango. Kutopata fedha ulizotegemea. Mwandishi wa mkataba asiyejali huandika "mkopo ukikataliwa", na neno hilo moja limewatia wengi hasarani. Chukua mfano wa hesabu. Nyumba Ilazo bei yake milioni 90, arbuni milioni 9. Umepanga benki itoe asilimia 80 ya bei, yaani milioni 72. Mthamini wa benki anakuja, anasema nyumba ina thamani ya milioni 74. Benki inakupa asilimia 80 ya hiyo: milioni 59.2. Pengo ni milioni 12.8, huna, na benki haijakataa mkopo. Imekubali. Sharti lako limebaki limelala na arbuni imeenda.

Kwa hiyo liandikwe hivi kwa maana yake: Mnunuzi anaweza kusitisha iwapo, kufikia tarehe fulani, hatakuwa amepokea barua ya benki inayokubali kumkopesha si chini ya milioni 72, kwa riba isiyozidi kiwango fulani kwa mwaka na kwa muda usiopungua miaka fulani. Sharti hilo linashughulikia kukataliwa, kukubaliwa pungufu, na kimya, vyote kwa pamoja.

Ushahidi. Barua ya benki. Muuzaji ana haki ya kutaka zaidi: nakala ya ombi lenye mhuri wa kupokelewa ndani ya siku 7 za kusaini. Mnunuzi ambaye hakuomba mkopo hawezi kujificha nyuma ya kutopata mkopo.

Muda na kimya. Siku 45 hadi 60 kwa mkopo wa nyumba wenye rehani, kwa kuwa ndani yake kuna uthamini, uhakiki wa hati na kamati ya mikopo. Benki mara chache huandika barua ya kukataa; hukaa kimya au humwambia mteja "subiri kidogo". Ndiyo sababu ya kuandika "hatakuwa amepokea".

Bei yake mezani. Kubwa. Muuzaji anafunga mali yake miezi miwili kwa ajili ya uamuzi wa mtu wa tatu. Tarajia aongeze bei, au atake arbuni kubwa, au aendelee kuonyesha nyumba kwa wengine.

Panapovuja. Benki hutaka mali inayoweza kuwekewa rehani iliyosajiliwa, maana yake hati. Kuweka sharti la mkopo wa rehani juu ya kiwanja cha barua ya toleo ni kusubiri jibu unalolijua. Upande wa faida, benki itapekua hati kivyake, kwa hiyo sharti hili hufanya sehemu ya kazi ya lile la umiliki. Ila benki inapekua kwa ajili yake. Majibu hailazimiki kukupa.

Anayefaa. Anayenunua nyumba yenye hati kwa mkopo wa rehani. Mtumishi wa umma anayetumia mkopo wa mshahara yuko pembeni kidogo: kiwango chake hakitegemei nyumba bali makato yanayoacha theluthi ya mshahara, na anaweza kukijua kabla ya kusaini chochote. Huyo apate barua kwanza, aje mezani bila sharti hili, na atumie nguvu yake kudai la ukaguzi.

## Sharti la kuuza kwanza mali yako

Kinachofungua mlango. Kiwanja chako cha Kigamboni au shamba la Kongwa kutouzika kufikia tarehe fulani.

Ushahidi. Hapa ni pagumu: kutotokea kwa jambo hakuna karatasi. Kinachoweza kudaiwa ni uthibitisho kwamba uliitangaza mali, kwa bei iliyotajwa, kwa dalali aliyetajwa.

Muda na kimya. Miezi mitatu ni michache kwa anayeuza, mingi mno kwa anayesubiri. Kimya cha soko ni hatari yako.

Bei yake mezani. Kubwa kuliko zote, na wauzaji wengi hulikataa bila mjadala. Wanaolikubali huomba haki ya kuendelea kupokea wateja: akija mwingine, unapewa saa 72 uliondoe sharti lako na kununua, au uondoke na arbuni yako. Hayo ni maelewano ya haki.

Panapovuja. Bei ya kuuzia isipotajwa, muuzaji atasema uliitangaza mali yako kwa bei ya mbinguni ili isiuzike.

Anayefaa. Anayenunua nyumba iliyokaa sokoni muda mrefu bila mteja. Mwingine yeyote auze kwanza.

## Kulipia haki ya kuondoka bila sababu

Badala ya sharti, unaweza kulipa ada ya kushikilia: kiasi kidogo, kwa mfano laki tatu kwa siku 14, kisichorudi, na muuzaji anajifunga kutouza kwa mwingine kwa siku hizo. Ukinunua, kinahesabiwa kwenye bei. Hakuna ushahidi wa kuleta, hakuna ubishi, hakuna kurudishiana. Udhaifu wake ni kwamba unapoteza hiyo laki tatu hata kosa likiwa la muuzaji, isipokuwa uandike kwamba umiliki ukiwa na kasoro inarudi. Liitwe jina lake, "ada ya kushikilia", na lisichanganywe na arbuni kwenye risiti, maana risiti moja yenye neno lisilo sahihi ndiyo itakayosomwa Barazani.

## Kutoka kwenyewe

Sharti lolote kati ya haya hufa kwa barua iliyochelewa. Simu siyo taarifa. Ujumbe wa WhatsApp nao siyo, isipokuwa mkataba umesema hivyo. Andika barua: tarehe, namba ya kifungu, kilichotokea, ripoti au majibu yakiwa yameambatishwa, na akaunti ya kurudishia hela. Peleka kwa anwani iliyo mkatabani na mpokeaji asaini kitabu cha kupokelea barua kwa jina, tarehe na saa. Angalia kama mkataba unahesabu siku au siku za kazi, na usiweke tarehe ya mwisho karibu na Idd, ambayo mwezi ndio unaoitangaza. Ukihitaji muda zaidi, nyongeza isainiwe na wote wawili kabla tarehe haijapita. Ikishapita, unachoomba siyo nyongeza tena, ni huruma.

Kama karatasi ni ile fomu fupi ya ofisi ya mtaa isiyo na nafasi ya masharti, andaa kiambatisho, kitajwe kwenye fomu, na kisainiwe kila ukurasa. Dalali naye aandikiwe kwamba kamisheni inalipwa mauzo yakikamilika. Wengi hukata yao kwenye arbuni siku ile ile, na ukijitoa ndiyo sehemu ambayo haionekani tena.

Tena masharti haya yote huisha kabla ya uhamisho wenyewe, ambao una uthamini wa kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kodi ya ongezeko la mtaji ya muuzaji (asilimia 10 ya faida kwa mkazi), ushuru wa stempu na kibali cha uhamisho. Andika nani analipa nini, na tarehe ya mwisho kabisa ambayo ikifika uhamisho haujakamilika kila mmoja yuko huru.

## Kwa hali yako

Unanunua kiwanja chenye barua ya toleo kwa mtu binafsi, hela taslimu ipo: pigania umiliki kwa siku 30, na mpima ardhi ndani ya siku hizo hizo. La mkopo huna haja nalo.

Unanunua nyumba yenye hati kwa mkopo wa rehani, na muuzaji anakubali sharti moja tu: chukua la mkopo lililoandikwa kwa kiasi na tarehe, kisha fanya upekuzi wa hati kwa gharama yako kabla ya kusaini. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya muuzaji kwenye mkataba.

Wewe ni mtumishi uliyehamishiwa Dodoma, mkopo wa mshahara umeshaidhinishwa, na nyumba ina rangi mpya kila chumba: ukaguzi, wenye namba za nyufa na za gharama.

Uko nje ya nchi au mkoa mwingine na ndugu ndiye anayekwenda kuona: umiliki na ukaguzi kwa pamoja, arbuni kwa wakili, na ndugu asiwe na mamlaka ya kuongeza muda wala kuondoa sharti bila saini yako.

Unanunua shamba kwenye ardhi ya kijiji: umiliki, kwa kutaja muhtasari wa Halmashauri ya Kijiji kama ushahidi pekee unaokubalika.

Muuzaji ana wateja wanne na hakubali sharti lolote: ada ya kushikilia kwa siku 14, nenda ofisi ya ardhi asubuhi inayofuata, mpeleke mpima mchana wake.

Hakubali hata hiyo, na anataka arbuni mkononi leo kabla ya saa kumi: mwache yule mteja wa Morogoro akinunue.